Namna ya kusoma vijitabu vya dini na siasa vya Uingereza ya miaka ya 1640: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila mara. Vinapatikana wapi? Ni lazima kulipia? Mbona herufi s inaonekana kama f? Mbona kitabu kimeandikwa 1648 na kinazungumzia jambo la 1649? Mwandishi hakuweka jina, nimnukuu nani? Wanaouliza ni wanafunzi wa historia, wa sheria na wa thiolojia, pamoja na wasomaji wa kawaida waliokutana na jina la mshairi John Milton au la Gerrard Winstanley mahali fulani wakataka kujisomea wenyewe. Majibu nimeyaweka hapa pamoja, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe hufuata.

Jambo moja lijue kabla hujafungua chochote. Kijitabu cha wakati ule hakikuandikwa ili kikae peke yake. Ni kauli ya mtu aliye katikati ya mabishano: kuna aliyesema kabla yake, na kuna atakayemjibu wiki ijayo. Ukikisoma peke yake utaelewa maneno, lakini mabishano yatakupita. Hatua zote zilizo hapa chini zina lengo hilo moja, kukuingiza kwenye mabishano yale: yalitokea lini, kati ya nani na nani, na aliyechapa alijiweka kwenye hatari gani.

Historia unayohitaji kwa kuanzia ni fupi. Uchapaji ulikuwa umebanwa na serikali, na chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London, Stationers' Company, kilichopewa hati yake mwaka 1557, kilisaidia kuubana. Mwaka 1637 William Prynne, John Bastwick na Henry Burton walikatwa masikio hadharani kwa maandishi yao dhidi ya maaskofu. Julai 1641 Bunge liliifuta mahakama ya Star Chamber, iliyokuwa ikiwaadhibu watu kama hao, na udhibiti ukaporomoka. Vijitabu vikamiminika. Muuza vitabu mmoja wa London, George Thomason, alianza mwaka 1640 kukusanya kila alichoweza kukipata, akaendelea hadi 1661. Aliacha zaidi ya vipande 22,000, na leo vimo katika Maktaba ya Uingereza jijini London. Bunge lilijaribu kurudisha ukaguzi Juni 1643. Milton alilijibu Novemba 1644 kwa kijitabu chake Areopagitica, akakichapa bila kibali.

Hiyo yatosha. Mengine utayapata ndani ya vijitabu vyenyewe.

Vitu vya kuandaa

Kompyuta ni bora kuliko simu, hasa kwa kuangalia picha za kurasa. Kwa kusoma maandishi yaliyokwisha kunakiliwa, simu inatosha na haili bando kubwa.

Biblia. Usianze bila Biblia. Ya Kiswahili inafaa kabisa, na ukiwa nayo ya King James ya 1611 pembeni ni vizuri zaidi. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya 6.

Daftari au jedwali lenye safu hizi: jina fupi la kijitabu, mwandishi, mahali, mwaka ulioandikwa, mwaka halisi, mchapaji, anamjibu nani, nani alimjibu. Safu mbili za mwisho ndizo zenye thamani kuliko zote, na ndizo ambazo wengi huziacha tupu.

Kamusi ya Kiingereza cha zamani. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 inapatikana bure mtandaoni. Chuo Kikuu cha Toronto nacho kina mkusanyo wa kamusi za karne ya 16 na 17 uitwao Lexicons of Early Modern English, unaokuonyesha neno lilivyofasiriwa na watu wa wakati ule ule.

Na swali moja. Usiingie kusoma “kuhusu dini na siasa Uingereza”. Ingia na swali kama hili: je, waliodai ardhi mwaka 1649 walitumia hoja za sheria au za Maandiko?

Hatua

1. Chagua kijitabu kimoja kifupi.

Wengi huanza na jina kubwa wakashindwa. Prynne, kwa mfano, aliandika kitabu dhidi ya michezo ya kuigiza mwaka 1633 chenye kurasa zaidi ya 1,000, na pembeni mwa kurasa zake amejaza marejeo. Huyo mwache kwa sasa. Kijitabu cha kawaida cha siku zile kilikuwa cha ukubwa uitwao kwarto: karatasi moja kubwa imekunjwa mara mbili ikatoa majani 4, yaani kurasa 8. Kilichotumia karatasi moja kiliuzwa kwa takriban peni moja. Chagua cha kurasa 8 hadi 30.

Mimi humpendekezea kila anayeanza The True Levellers Standard Advanced cha Gerrard Winstanley na wenzake, cha Aprili 1649. Ni kifupi, hoja yake ni kali, na mazingira yake yanajulikana vizuri. Mfalme Charles wa Kwanza alikuwa amekatwa kichwa tarehe 30 Januari mwaka ule. Tarehe 1 Aprili watu wachache maskini walianza kulima ardhi ya wazi kwenye kilima cha St George's Hill, katika wilaya ya Surrey, wakisema ardhi ni ya wote. Kijitabu ndicho maelezo yao. Nitakitumia kama mfano hadi mwisho.

2. Kipate bure.

Kuna hazina kubwa ya picha za vitabu vya Kiingereza vilivyochapwa kati ya miaka ya 1470 na 1700, iitwayo Early English Books Online, au EEBO. Hiyo inalipiwa na vyuo. Lakini vyuo kadhaa, vikiongozwa na Michigan na Oxford, vilishirikiana kunakili maandishi ya sehemu kubwa ya vitabu hivyo kwa mkono. Ushirika huo unaitwa Text Creation Partnership, au TCP. Kundi la kwanza, vitabu takriban 25,000, lilifunguliwa kwa umma tarehe 1 Januari 2015. La pili lilifunguliwa 2020, na kwa jumla sasa ni takriban 60,000. Hakuna malipo wala usajili.

Andika kwenye kisanduku cha kutafutia: EEBO TCP Michigan. Ukifika, tafuta kwa jina la mwandishi kwanza, kisha kwa neno moja au mawili ya jina la kitabu.

Kwa vijitabu vya kundi la kisiasa la Levellers (yaani “wasawazishaji”) na wapinzani wao kuna njia nyepesi zaidi: Online Library of Liberty imeweka mkusanyo mkubwa wa maandishi yao, yanayosomeka vizuri hata kwenye simu. Na kama tahajia ya zamani inakuchosha, tafuta EarlyPrint. Wao wamechukua maandishi yale yale ya TCP, na hukuruhusu kuyasoma kwa tahajia ya kisasa.

Onyo: usiandike jina lote kwa tahajia ya leo. Neno la vita, war, laweza kuwa warre. Public laweza kuwa publique. Only mara nyingi ni onely. Majina ya watu nayo hubadilika: Winstanley wetu kwenye ukurasa wa jina ni Jerrard.

Ukikipata, nakili mara moja namba yake ya TCP. Huanza na herufi A au B ikifuatiwa na tarakimu. Viungo vya mtandao hubadilika, lakini kwa namba hiyo utakipata tena.

3. Soma ukurasa wa jina hadi neno la mwisho.

Hapa ndipo wanaoanza wanaharakisha, na hapa ndipo penye habari nyingi kuliko ukurasa mwingine wowote. Majina yalikuwa marefu kwa makusudi. Ukurasa wa jina ulibandikwa ukutani na kwenye nguzo kama tangazo, kwa hiyo ulilazimika kusema kila kitu.

Angalia mambo manne.

La kwanza, nani wametajwa. Kijitabu chetu kinataja watu 15, Winstanley na William Everard mbele, kisha “&c.”, yaani na wengineo. Kitabu cha mwanachuoni kingetaja mtu mmoja na shahada yake. Hiki kinatangaza kundi, na kabla hujasoma sentensi ya kwanza umekwisha kujua kwamba wanasema “sisi”.

La pili, mahali na mchapaji. Mstari wa chini husema kimechapwa wapi, na nani, kinauzwa duka gani. Chetu kinasema tu: London, kimechapwa mwaka MDCXLIX, yaani 1649. Hakuna mchapaji. Jina likikosekana, jiulize alikuwa anaogopa nini. Na likiwepo, usiliamini upesi. Mwaka 1645 Richard Overton alitoa kijitabu dhidi ya mateso ya kidini, The Araignement of Mr. Persecution, akaandika kwamba kimechapwa na “Martin Claw-Clergie”, mchapaji wa baraza la wachungaji, dukani kwake katika mtaa wa Uvumilivu, mkabala na mahakama ya Mateso. Yote ni dhihaka, na tena inamkumbusha msomaji Martin Marprelate, jina la bandia lililowasumbua maaskofu mwaka 1588 na 1589. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge vilikuwapo pia vijitabu vilivyoandikwa “Oxford”, mji aliokaa mfalme, ilhali vilichapwa London.

La tatu, kibali. Ukiona neno imprimatur, au maneno ya kwamba kimechapwa kwa amri ya Bunge, basi wenye mamlaka walikubali kitoke. Hotuba zilizohubiriwa mbele ya Bunge mara nyingi huwa na amri ya kuchapwa mwanzoni.

La nne, maneno ya ugomvi. Answer, reply, vindication, animadversions, confuted, examined: lolote kati ya haya likionekana kwenye jina, kuna kijitabu kingine unachopaswa kukitafuta. Liandike kwenye safu yako ya “anamjibu nani” papo hapo.

Majina ya bandia nayo yana kanuni zake. Smectymnuus, lililoonekana 1641 kwenye kijitabu dhidi ya Askofu Joseph Hall, ni herufi za mwanzo za wachungaji watano: Stephen Marshall, Edmund Calamy, Thomas Young, Matthew Newcomen na William Spurstowe, W ya huyu wa mwisho ikiandikwa kwa u mbili. Thomas Young alikuwa amemfundisha Milton utotoni, na Milton akaingia kwenye ugomvi ule kuwatetea.

4. Nyoosha tarehe.

Uingereza ya wakati ule ilihesabu mwaka kuanzia tarehe 25 Machi, hadi ilipobadilisha kalenda mwaka 1752. Kwa hiyo Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi zilihesabiwa kwenye mwaka uliotangulia. Mfalme aliuawa tarehe 30 Januari 1649 kwa hesabu yetu, lakini hati za siku ile zinasema 1648.

Kosa hili linaharibu hoja nzima. Chukua hotuba ya Stephen Marshall mbele ya Bunge, Meroz Cursed. Ukurasa wa jina unasema ilihubiriwa 23 Februari 1641. Ukiichukua hivyo, utadhani ilitolewa mwaka mmoja na nusu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza Agosti 1642. Kumbe ni Februari 1642, miezi sita tu kabla ya vita, mfalme akiwa amekwisha kuondoka London. Soma tena hotuba ukilijua hilo, na kila sentensi yake inakuwa nzito zaidi.

Kanuni: tarehe yoyote kati ya 1 Januari na 24 Machi, ongeza mwaka mmoja, na kwenye daftari andika yote mawili, 1641/2. Wachapaji wengine nao walizoea kuandika mwaka unaofuata kwenye vitabu vilivyotoka mwisho wa mwaka ili vionekane vipya. Hapa Thomason anatusaidia sana, kwa sababu aliandika kwa mkono tarehe kwenye vijitabu vyake vingi, na mara nyingine alifuta mwaka uliochapwa akaandika ulio sahihi. Ukikuta tarehe yake imetajwa kwenye maelezo ya kijitabu, ichukue.

Tarehe za Uingereza zilikuwa nyuma ya za nchi za Kikatoliki kwa siku 10 katika karne ya 17. Ukisoma barua kutoka Paris au Roma kuhusu jambo lile lile, usishangae zikipishana.

5. Zoesha macho.

Mambo machache, na baada ya kurasa tatu yatakuwa ya kawaida kwako.

S ndefu, ſ, hutumika mwanzoni na katikati ya neno. Itofautishe na f kwa kuangalia kistari cha katikati: cha f kinakatiza hadi upande wa kulia, cha ſ hakifiki huko, au hakipo kabisa. Maandishi ya TCP yamekwisha kukugeuzia hiyo, lakini picha hazijakugeuzia.

U na v, i na j zilikuwa zinabadilishana nafasi, hasa kabla ya miaka ya 1630: vpon ni upon, haue ni have. VV ni W. Kistari juu ya irabu kinamaanisha n au m imeachwa. Y yenye e ndogo juu yake ni the, wala haikusomwa “ye”.

Then mara nyingi ni than. Hili linapindua maana, liangalie.

Herufi za mlazo hutumika kwa majina, kwa maneno ya Biblia na kwa maneno ya mpinzani yanayonukuliwa. Ukiziona, jiulize: haya ni maneno ya nani?

6. Soma mara ya kwanza kwa sauti, Biblia ikiwa wazi.

Sentensi ya karne ya 17 yaweza kuchukua nusu ukurasa. Isome kwa sauti, ukipumua kwenye kila alama ya kituo, kisha tafuta kitenzi kikuu. Waandishi hawa walizoea mimbari, na wasomaji wengi walivisikia vijitabu vikisomwa na mtu mwingine. Usifungue kamusi katika mzunguko huu wa kwanza. Weka alama pembeni, endelea.

Lakini Biblia ifungue kila mara. Hapa msomaji wa Kiswahili aliyelelewa kwenye kanisa lenye kusoma Maandiko ana faida ambayo wanafunzi wengi wa leo huko Uingereza hawana, na ningependa aitumie bila woga. Waandishi hawa wote, wa mfalme na wa Bunge, matajiri na wakulima, walibishana siasa kwa Biblia. Aya moja iliyotajwa pembeni mwa ukurasa yaweza kuwa ndiyo hoja yenyewe.

Merozi ni mji uliolaaniwa katika Waamuzi 5:23 kwa sababu wenyeji wake hawakuja kumsaidia Bwana vitani. Marshall alipohubiri juu ya aya hiyo mwaka 1642, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa: asiyechagua upande amelaaniwa. Warumi 13 ilikuwa uwanja wa vita wa peke yake. “Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu” iliwapa watu wa mfalme silaha, na watu wa Bunge wakauliza: mamlaka iliyo kuu ni ipi, mtu mmoja au sheria na Bunge lake? Shamba la mizabibu la Nabothi, 1 Wafalme 21, huibuka kila panapotajwa mtawala anayepora mali.

Kwa Winstanley mambo yanakwenda mbali zaidi. Esau na Yakobo kwake ni nguvu mbili zinazopigana hadi leo: Esau ni tamaa na kiburi kinachotawala, Yakobo ni upole uliokandamizwa. Israeli ni watu wa kawaida wa Uingereza, na utumwa wao wa mwisho ni ushindi wa Wanormani, yaani uvamizi wa William mwaka 1066. Anapolaumu sheria za Wanormani analaumu wenye ardhi wa siku zake. Usipolijua hilo, utadhani anarukaruka kutoka Mwanzo kwenda historia kwenda sheria bila mpango. Hoja yake ni moja, na imeanza kwenye sentensi ya kwanza kabisa, anaposema kwamba hapo mwanzo Muumba aliifanya dunia kuwa hazina ya wote. Zingatia kwamba Muumba huyo anamwita Reason, yaani Akili. Hapo usipapite haraka.

Onyo: vitabu vya Wakatoliki vya wakati ule hufuata hesabu ya Biblia ya Kilatini. Zaburi nyingi zitapungua kwa namba moja, na 1 Kings ndani yake ni 1 Samweli ya kwetu. Aya ikikosa maana kabisa, jaribu hesabu hiyo kabla ya kumlaumu mwandishi.

7. Soma mara ya pili kwa kamusi, ukiyalenga maneno unayodhani unayajua.

Maneno magumu hayana hatari, kwa sababu utayatafuta. Ya hatari ni mepesi. Presently ilimaanisha mara moja. Let yaweza kuwa kuzuia. Prevent mara nyingi ni kutangulia. Conversation ni mwenendo wa mtu. Malignant katika miaka ya 1640 ni mfuasi wa mfalme. Independent ni anayetaka kila kanisa la mahali lijitawale. Enthusiast ni mtu anayedai kupata ufunuo moja kwa moja kutoka kwa Mungu, na lilikuwa tusi.

Majina ya makundi chunguza nani anayatamka. Leveller na Papist (yaani Mkatoliki) ni majina yaliyotolewa na maadui. Kumwita mtu Leveller bila kueleza ni kukubali neno la mshitaki wake.

8. Tafuta upande wa pili.

Sasa rudi kwenye daftari lako. Tarehe 14 Aprili 1649, siku chache kabla ya kijitabu cha Winstanley, viongozi wa Levellers, John Lilburne, William Walwyn, Thomas Prince na Richard Overton, wakiwa kifungoni kwenye ngome ya Tower ya London, walitoa A Manifestation. Ndani yake walikana katakata kwamba waliwahi kufikiria kusawazisha mali za watu. Utangulizi wa kijitabu cha kilimani una tarehe 20 Aprili, na wenyewe wanajiita Levellers wa kweli. Viweke viwili hivi kando kwa kando, na hilo neno True kwenye jina halitabaki kuwa pambo. Pana mgawanyiko ndani ya watu waliodhaniwa kuwa kundi moja, na umeuona mwenyewe kwenye karatasi zao.

Mfano mwingine mzuri wa kufanyia mazoezi ni wa mwaka 1641. Mhubiri Thomas Edwards aliandika dhidi ya makanisa yanayojitawala. Aliyemjibu mwaka ule ule alikuwa mwanamke, Katherine Chidley, akipitia hoja zake moja baada ya nyingine. Wajibuji wa siku zile walizoea kumnukuu mpinzani kipande kwa kipande, kwa hiyo ukisoma jibu unapata na sehemu ya shitaka. Lakini kila mara hakiki nukuu hizo kwenye kijitabu cha mpinzani mwenyewe. Walikata maneno walivyotaka.

9. Nukuu kwa usahihi.

Namba za kurasa katika vijitabu hivi hukosewa mara nyingi. Tumia alama zilizo chini ya ukurasa: A2, A3, B, B2 na kuendelea. Hizo ziliwekwa kwa ajili ya mpangaji wa karatasi. Herufi zilizotumika ni 23. J na W hazimo, na U na V ni moja. Upande wa mbele wa jani ni r, wa nyuma ni v, hivyo B2v ni nyuma ya jani la pili la karatasi B. Andika mwandishi, jina fupi, mahali, mwaka, alama, na namba ya TCP. Tahajia ya zamani usiirekebishe ndani ya nukuu.

Matatizo ya kawaida

Tovuti inadai nywila. Umeingia EEBO ya kulipia. Rudi utafute tena ukiongeza neno Michigan, au muulize mkutubi wa chuo chako kama kimejiunga.

Kijitabu hakimo kabisa. TCP kwa kawaida ilinakili toleo moja la kila kitabu, na magazeti mengi ya kila wiki, kama Mercurius Aulicus la upande wa mfalme, yaliachwa. Jaribu Internet Archive na Google Books kwa picha.

Nimepata vidoti au alama 〈◊〉 katikati ya maneno. Mnakili hakuweza kusoma herufi au neno hilo kwenye filamu ya picha za kurasa. Usibuni. Tafuta picha ya nakala nyingine, na ukikosa, acha pengo kwenye nukuu yako na useme ni pengo.

Google Books inanipa “fuch” na “Houfe”. Mashine imesoma ſ kama f. Unapotafuta humo, jaribu neno kwa f pia.

Kuna Kilatini, Kigiriki au Kiebrania. Kilatini mara nyingi hufuatiwa na tafsiri yake kwenye sentensi hiyo hiyo. Soma mbele kidogo. Kigiriki na Kiebrania TCP iliviacha, ikaweka maelezo tu kwamba hapo pana alfabeti nyingine, kwa hiyo unahitaji picha ya ukurasa.

Matoleo mawili yanapishana. Usichague unaloona zuri. Eikon Basilike, kitabu kilichotoka kwa jina la mfalme mara baada ya kifo chake, kilitoka matoleo takriban 35 ndani ya mwaka 1649 peke yake, na baadhi yaliongezewa sala na vipande vingine. Andika ni toleo lipi ulilosoma, na kama hoja yako inasimama juu ya neno moja, liangalie katika matoleo yote unayoyapata.

Nimeiuliza programu ya akili bandia, ikanipa nukuu nzuri ya Lilburne. Chukua maneno manne matano ya nukuu hiyo, yatafute ndani ya maandishi yake kwenye TCP, kwa tahajia mbili au tatu. Yasipoonekana, yatoe kwenye kazi yako. Lilburne alichapwa mijeledi mitaani mwaka 1638 kwa sababu ya vitabu, na Oktoba 1649 akasimama mbele ya mahakama akidaiwa uhaini kwa sababu ya aliyoyaandika, hadi baraza la raia likamwachilia. Mtu huyo usimwekee mdomoni neno ambalo hakuliandika.